UZI: Kutafiti jinsi mwanachuo anavyogeuka mwalimu wakati wa BTP

Ubao_Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, ukikaribia, mapendekezo ya utafiti kuhusu utambulisho wa kitaaluma wa walimu huandikwa kwa wingi, na mengi hukwama mahali pamoja. Mtafiti anagawa hojaji ya Kiingereza siku wanachuo wanaporudi kutoka shuleni, karibu wote wanaweka tiki kwenye "nakubali sana" kwamba wanajivunia ualimu, naye anahitimisha kuwa BTP inajenga utambulisho. Hakuna kilichopimwa hapo. Nafungua uzi huu tuingie kwenye mbinu zenyewe, ili anayeandika pendekezo mwaka huu apate pa kushika.

Tuanze na neno. Ukimuuliza mwanachuo "utambulisho wako kama mwalimu ni upi?", atakutajia chuo chake, namba ya usajili na masomo anayofundisha. Kwa Kiswahili cha kila siku utambulisho ni barua ya kupeleka kwa mkuu wa shule, kwa hiyo amejibu alichoulizwa. Tunachokitafuta ni mambo mawili yanayovutana: jinsi mtu anavyojiona mwalimu, na jinsi wengine wanavyomkubali au kumkatalia. Beijaard, Meijer na Verloop walipopitia tafiti 22 mwaka 2004 waliona kwamba dhana hii ama inafafanuliwa kila mmoja kivyake, ama haifafanuliwi kabisa. Tatizo hilo bado tunalo. Kabla ya kuandika swali la kwanza la mahojiano, andika kwa sentensi mbili za Kiswahili unachokiita utambulisho. Ukishindwa kwa Kiswahili, ujue kwa Kiingereza ulikuwa umekariri.

Muundo ninaoupendekeza kwa shahada ya uzamili ni huu. Wanachuo 12, lakini anza na 15 kwa sababu wawili watatu huhamishwa kituo, huugua au huchoshwa na utafiti wako. Mahojiano mara tatu kwa kila mmoja: wiki moja kabla ya kwenda shuleni, katikati ya BTP (kama ni ya wiki nane, basi wiki ya nne), na wiki ya pili baada ya kurudi. Kila moja dakika 45. Hesabu: 12 × 3 × 45 ni saa 27 za sauti. Kunukuu saa moja ya sauti neno kwa neno huchukua saa nne hadi sita, kwa hiyo panga saa 135 za kunukuu peke yake. Ukikaa mezani saa tano kila siku, hizo ni siku 27. Tasnifu nyingi huharibikia hapa: mtu amerekodi vingi, muda umeisha, ananukuu vipande "muhimu" tu, na vipande alivyoviona muhimu ni vile vilivyokubaliana na alichokiamini kabla ya kwenda uwandani.

Mahojiano ya kabla ya BTP hayakwepeki. Lortie, katika utafiti wake wa Marekani wa 1975, alikadiria kwamba mwanafunzi anamaliza sekondari akiwa amekaa mbele ya walimu kwa saa 13,000. Tujaribu kwetu: miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya juu ni 13. Kwa siku 194 za masomo kwa mwaka na saa tano za vipindi kwa siku, unapata saa 12,610. Mwanachuo anaingia chuoni na picha ya mwalimu iliyokwisha kukomaa. Usipoichora picha hiyo mapema, utaisifu BTP kwa kitu alichokuja nacho tangu darasa la tatu.

Mwana_Takwimu

Mkuu, umeeleza vizuri ila usiizike hojaji. Kosa ni kuibeba ilivyo.

Hojaji ya Kiingereza ipewe watafsiri wawili, kila mmoja kivyake. Waoanishe. Mtu wa tatu ambaye hajaiona ya awali airudishe kwenye Kiingereza, kisha mlinganishe. Baada ya hapo keti na wanachuo wanane hadi kumi, mmoja mmoja, wasome kila kipengele kwa sauti na waseme wameelewa nini. Hatua hii huchukua siku mbili tu, na ndiyo watu huiruka. Mfano: kipengele kikitafsiriwa "Ninajiona kama mwalimu", wapo watakaosoma "ninafanana na mwalimu", na mwenye cheti mkononi atakataa kwa haki kabisa kwa sababu yeye si kama mwalimu, yeye *ni* mwalimu. Utamhesabu kuwa na utambulisho dhaifu.

Kuhusu idadi, kama una vipengele 20 na unataka kuchambua vinavyojikusanya pamoja, kanuni ya mkono ni watu kumi kwa kila kipengele, yaani 200. Alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi vipengele vinavyokubaliana) ikifika 0.70 watu hufurahi, lakini haithibitishi kwamba unapima kitu kimoja. Ikivuka 0.95, mara nyingi umeuliza swali lilelile kwa maneno tofauti.

Halafu kuna dari. Kama wastani wa kabla ya BTP ni 4.7 kati ya 5, hakuna nafasi ya kupanda, na ukikuta umeshuka hadi 4.5 utaandika kwamba BTP inabomoa walimu. Badala ya "napenda kufundisha", weka hali ambapo pande zote mbili ni jambo jema: kimebaki kipindi kimoja kabla ya mtihani, mada haijaisha, na theluthi ya darasa haijaelewa ya jana. Utamaliza mada au utarudia? Majibu hapo hutawanyika, na mtawanyiko ndio takwimu inaouhitaji.

La mwisho: lazima uweze kumuoanisha mtu yuleyule kabla na baada bila kujua jina lake. Mwambie atengeneze msimbo: herufi mbili za mwisho za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, bila mwezi wala mwaka. Bila msimbo unalinganisha makundi mawili tu, na huwezi kusema nani amebadilika.

Bi_Sarufi

Mwalimu Ubao_Mweusi, naomba nikurekebishe kwa heshima. "Kujiona mwalimu" ina mtego mbaya kuliko huo wa "kama". Kwa Kiswahili mtu akisema "fulani anajiona", amemaanisha ana majivuno. Mwanachuo mnyenyekevu hatakubali kwamba "anajiona". Tumia "kujihesabu": *Siku hizi unajihesabu mwalimu? Tangu lini?* Hilo "tangu lini" lina kazi kubwa, kwa sababu linamlazimisha kutaja siku na tukio.

Sasa niseme la uchambuzi, maana hapa ndipo Kiswahili kinampa mtafiti utajiri anaoutupa kwa kutafsiri mapema. Nafsi yetu imo ndani ya kitenzi. Fuatilia viambishi:

*Tu-* inamaanisha akina nani? Katika mahojiano ya kwanza, "tunateseka", "tunapangiwa" huwa ni sisi wanachuo. Baadaye utasikia "tunawaambia wazazi", na hapo ni sisi walimu. Weka alama kila *tu-* na uandike pembeni inarejelea nani. Wakati mwingine inageuka katikati ya sentensi moja, na sentensi hiyo ina thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo kuhusu wito.

*-w-* ya kutendwa. "Nilichagua ualimu" na "nilipangiwa ualimu" ni historia mbili tofauti za mtu kuingia kazini. Maandiko mengi ya Ulaya na Marekani yanachukulia kwamba mtu aliichagua kazi, halafu anaanza kujijenga. Kwetu wapo walioletwa na ufaulu wao, na fomu ya machaguo, na mkopo. Kama mtu anasema "nilipangiwa" katika duru ya kwanza na bado anasema "nilipangiwa" katika ya tatu, andika hivyo. Kama amehamia "nilikuja", simama hapo umuulize.

"Unakuta". *Unakuta darasa lina watoto mia, unakuta huna kitabu.* Huyu hakusemi wewe mtafiti. Anasema juu yake mwenyewe akiwa amejificha nyuma ya nafsi ya pili. Ukikitafsiri, kificho hicho kinapotea. Kwa hiyo kodi, yaani lebo za uchambuzi, zifanyike juu ya nakala ya Kiswahili, na utafsiri tu yale madondoo yanayoingia kwenye ripoti. Pale dondoo linapoamua hoja, liweke na Kiswahili chake.

Na "ualimu ni wito": lipe kodi yake peke yake, iite jibu la hadhara. Si uongo, lakini limekuwa kama salamu. Likishatoka, lipokee, kisha omba habari za kipindi kimoja mahususi: *Alhamisi iliyopita kipindi cha tatu, ulipoingia darasani ulifanya nini kwanza?*

Ubao_Mweusi

Bi_Sarufi, nimepokea, dada. Kuanzia sasa ni kujihesabu.

Niongeze ushahidi ambao hauhitaji mtu kuongea. Kwanza andalio la somo. Omba nakala tatu kwa kila mwanachuo: wiki ya kwanza, ya nne na ya saba, zote za somo moja na darasa moja. Usiangalie kama ni zuri. Angalia nani anafanya kazi. Kwenye safu ya shughuli za ufundishaji, hesabu vitenzi vya kueleza, kuandika ubaoni na kutoa mfano, kisha vya kuongoza, kuuliza na kusikiliza. Kwenye safu ya mwanafunzi, hesabu kusikiliza na kunakili dhidi ya kujadili, kupima na kuwasilisha. Halafu shuka chini kwenye tathmini na maoni. Kama andalio zote tatu zina sentensi moja, kwamba somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi, ujue bado anaandika kwa ajili ya mkaguzi. Siku anapoandika kwamba walikwama kwenye kutafuta kigawe kidogo cha shirika kwa sababu hawajui majedwali ya kuzidisha, amejiandikia mwenyewe.

Tahadhari: andalio la siku ya tathmini lisiingie kwenye sampuli. Siku hiyo darasa limeandaliwa, zana zimebandikwa, hata mtundu amehamishwa mbele.

Pili, ramani ya ofisi ya walimu. Chora meza na viti vyote, na uweke alama mwanachuo anakaa wapi. Rudia kila baada ya wiki mbili. Ana kiti chake, au anasimama hadi mtu aende darasani? Madaftari ya kusahihisha anayaweka wapi? Chai ya saa nne anakunywa na nani? Jina lake limo kwenye orodha ya zamu ukutani au limeandikwa kwa penseli pembeni? Na wanamwitaje: mwalimu na jina la ukoo, "madamu", "ticha", au "wale wa fildi"? Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja, dakika 15 kwa ziara. Wanachuo wengi hufundishwa ualimu zaidi ndani ya ofisi hiyo kuliko darasani, na tafiti zetu karibu zote zinaishia mlangoni mwake.

Kidato_Tano_B

Samahani wakuu, swali la mgeni. Nimeambiwa niwaombe wakamilishe "mwalimu ni kama…". Inafaa?

Bi_Sarufi

Inafaa, ila jibu la kwanza litakuwa mshumaa au mzazi. Omba matatu, na kila moja liwe na "kwa sababu". Chambua la tatu. Na chambua *sababu* kuliko taswira: "mkulima kwa sababu anapanda" na "mkulima kwa sababu anasubiri mvua asiyoitawala" ni walimu wawili tofauti.

Historia_ya_Elimu

Naomba tusisahau majina ya mitaani, kwa sababu utambulisho wa mwalimu wa Tanzania umeandikwa na wananchi pia. Gee, mwaka 2000, alitenganisha utambulisho unaotolewa na taasisi na ule unaotokana na jinsi watu wanavyokuzungumza. Kwetu mifano iko wazi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha lengo la elimu ya msingi kwa wote (UPE) hadi 1977. Walimu hawakutosha, hivyo wahitimu wa darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, vijijini, huku wakishika vipindi. Taasisi iliwapa vyeti. Mtaa ukawapa jina, "walimu wa UPE", na jina likawafuata hadi kustaafu, hata kwa waliojiendeleza. Miaka thelathini baadaye, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari (MMES) ulioanza 2004 ulizaa shule za kata, na pengo likazibwa kwa sehemu na wahitimu wa kidato cha sita waliopewa leseni baada ya kozi fupi. Mtaa ukawaita "voda fasta", jina la huduma ya kuongeza salio la simu.

Kwa mtafiti: usimtajie mtu jina hilo kwanza. Likitoka kinywani mwake, angalia neno linalofuata. "Mimi ni wa UPE, lakini…" na "sisi wa UPE ndio tuliojenga…" ni njia mbili za kuishi na jina moja. Na uwatafute walimu wa kujitolea. Wanashika vipindi, wanasahihisha, wanashika zamu, ila hawana cheki namba, ile ya mtumishi anayelipwa na serikali. Ukitaka kuona taasisi na mazungumzo vikigombana ndani ya mtu mmoja, anza na hao.

Mtafiti_wa_Nakuru

Hamjambo nyote, nachangia kutoka upande wa Kenya. Hapa kuna tofauti ambayo wageni huikosea: namba ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, ni ya usajili, haimaanishi umeajiriwa. Mwalimu anaweza kuwa na namba, akafundisha chini ya bodi ya shule kwa malipo ya wazazi kwa miaka, na asiwemo katika orodha ya mishahara ya tume. Hojaji inayouliza tu "umesajiliwa na TSC?" inawachanganya watu wa hali mbili. Uliza maswali mawili: umesajiliwa? nani anakulipa?

Pili, shule ya sekondari ya msingi ilipoanza 2023 iliwekwa ndani ya shule za msingi. Walimu waliosomea sekondari wakajikuta chini ya walimu wakuu wa msingi, na madai yao ya kutaka usimamizi wao wenyewe yamekuwa ya hadharani tangu hapo. Anayetaka kuona utambulisho ukibishaniwa waziwazi, uwanja ni huo. Sampuli ichukuliwe kwa jozi: mwalimu wa sekondari ya msingi na wa msingi katika shule moja, wahojiwe siku tofauti.

Kibali kwetu ni cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), kisha mkurugenzi wa elimu wa kaunti, ndipo shule.

Maadili_Kwanza

Kwa Tanzania bara: barua ya chuo, kibali chini ya utaratibu wa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia (baadhi ya vyuo vikuu hutoa kibali kwa wanafunzi wao wenyewe), Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, afisa elimu wa msingi au sekondari, halafu mkuu wa shule. Zanzibar ina utaratibu wake. Tenga wiki sita. Kosa la kawaida ni barua inayotaja shule tatu wakati wanachuo wamepangwa kwenye shule tisa. Utarudi mkoani kuanza upya. Andika "shule za halmashauri ya…" na uambatishe orodha.

Sauti za watu ni taarifa binafsi, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inakuhusu. Kwenye fomu ya ridhaa andika sauti itahifadhiwa wapi, nani ataisikia, itafutwa lini. Simu unayorekodia isiwe na hifadhi ya mtandaoni inayojipakia yenyewe.

Sasa jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni fimbo. Kanuni za Tanzania za 2002 zinasema adhabu ya viboko isizidi vinne, itolewe na mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Kenya iliifuta kabisa 2001. Mwanachuo wa BTP hana uteuzi huo, lakini ni kawaida kukabidhiwa fimbo kama kipimo cha kukubaliwa: ukiishika, umekuwa mwenzetu. Kwa hiyo unapotafiti utambulisho utalikuta, upende usipende. Amua kabla ya kwenda, na uandike kwenye ridhaa kwa lugha ya wazi: siri ya mazungumzo inatunzwa, isipokuwa pale mtoto anapoumizwa. Andika utamwambia nani na kwa hatua gani. Ukiamua ukiwa uwandani, utanyamaza ili usifukuzwe shuleni, na kunyamaza kwako kutamfundisha yule mwanachuo kwamba hata mtafiti amekubali. Mahojiano hayana thamani ya mgongo wa mtoto.

Kidato_Tano_B

Na kama msimamizi wangu wa utafiti ndiye anayewatathmini wanachuo haohao?

Ubao_Mweusi

Basi asihusike na ukusanyaji wa taarifa hata kidogo. Asijue nani amekubali kushiriki, asisikie sauti, asione nakala zenye majina hadi matokeo ya BTP yawe yametangazwa na muda wa rufaa umepita. Wewe nawe usifike shuleni siku moja naye, wala kwa gari lake. Mwanachuo akikuona ukishuka humo, mahojiano ya duru ya pili yameharibika.

Ndiyo sababu duru ya tatu inabishaniwa. Mimi niliweka wiki ya pili baada ya kurudi. Kama chuo chako kinachelewesha matokeo, isogeze hadi yatangazwe, kwa sababu kabla ya hapo kila mtu atakuambia mwalimu mlezi alikuwa mzuri. Ila usivuke miezi miwili. Baada ya hapo simulizi huwa imeshasimuliwa bwenini mara nyingi na imepigwa msasa.

Mwana_Takwimu

Nakubaliana. Na katika pengo hilo la kusubiri wape daftari dogo, waandike mistari mitano kila Ijumaa juu ya swali moja tu: wiki hii ni nani aliyekuita mwalimu, na ulijisikiaje kuitika? Mistari mitano, isizidi. Ukiwapa ukurasa mzima wataacha wiki ya pili.